Kufungulia wageni bustani yako ya kisiwani: mwongozo kamili, kuanzia upepo hadi boti ya mwisho

Maswali yanayonifikia kuhusu bustani za nyumbani visiwani yanafanana. Maua yalikuwa yamechanua vizuri, wageni wakaalikwa, na wiki ile ile majani yakaungua kingo. Au wageni walifika wote kwa mpigo, wakasongamana kwenye njia moja, wakakanyaga matuta. Au maji yalikupwa boti ikiwa bado imefungwa gatini, na watu wakabaki kisiwani wakisubiri hadi usiku.

Chanzo ni kimoja. Kazi inaanzia kwenye maua, na upepo, maji na boti vinafikiriwa mwishoni. Kisiwani mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua yaliyobaki, kwa hiyo hapa yanatangulia.

Kama bustani yako tayari ina kinga ya upepo, anza maandalizi angalau miezi 6 kabla ya kupokea mgeni wa kwanza. Kama haina, usitangaze tarehe yoyote kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Jedwali la maji kujaa na kupwa la eneo lenu, kwa miezi yote unayokusudia kupokea wageni
- Kipimo cha chumvi ya maji, kile kidogo cha kushika mkononi kinachosoma mikrosimensi (jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikiongezeka, namba hupanda)
- Futi kamba ndefu, karatasi kubwa na penseli
- Nguzo na wavu wa kivuli wa asilimia 50
- Mboji iliyoiva na matandazo ya kutosha
- Mifereji ya paa, na tangi au mapipa yenye mifuniko
- Kamba, vigingi na vibao vichache vyenye maandishi makubwa
- Brashi ngumu na beseni la kusafishia viatu
- Sanduku la huduma ya kwanza
- Daftari moja, litakalotumika kwa bustani tu

Kitu ambacho wengi hukiruka hapo ni kipimo cha chumvi. Usikiruke. Ulimi si kipimo cha kuaminika cha chumvi inayodhuru mimea.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya upepo na chumvi

Funga utepe mwepesi kwenye fimbo, utembee nao bustanini siku upepo wa baharini unapovuma kwa nguvu. Simama kila baada ya hatua chache, tazama utepe unaelekea wapi na kwa nguvu gani, uandike kwenye mchoro wako. Utaona kwamba upepo hukazana kwenye pembe za nyumba na mapengo ya ukuta, mara nyingine kuliko upande unaotazama bahari moja kwa moja. Rudia zoezi msimu upepo unapogeuka.

Kisha soma majani. Jani lililounguzwa na chumvi lina dalili zake: ukahawia unaanzia nchani na kufuata kingo, na ubavu wa mti unaoikabili bahari umekauka huku ubavu wa pili ukiwa bado kijani. Ukame hauchagui ubavu namna hiyo. Shahidi mwingine ni kioo cha dirisha linalotazama bahari. Kisafishe, ukiache siku mbili tatu. Kikipata ukungu mweupe unaonata kidole, mmea wowote laini utakaopandwa mbele yake utateseka.

Gawanya mchoro sehemu tatu: upande wa joshi unaopigwa moja kwa moja, sehemu ya kati, na upande wa demani wenye utulivu. Umefaulu kama unaweza kumwonyesha mtu mwingine, bila kubahatisha, mahali ambapo jani laini litapona na ambapo halitapona.

## Hatua ya 2: Weka kinga ya upepo inayopenyeza

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kujenga ukuta mzima. Upepo ukigonga ukuta usio na upenyo hupanda, hupita juu, halafu huanguka kwa fujo upande wa pili na kuvunja mimea ileile uliyotaka kuikinga. Kinga nzuri huruhusu karibu nusu ya upepo upite huku ikiupunguzia kasi. Ndiyo maana wavu wa asilimia 50 unafaa kuliko wa asilimia 90.

Kimo kina hesabu yake. Kinga ya mita 2 huanza kupoteza nguvu ukienda zaidi ya mita 20 nyuma yake, yaani mara 10 ya kimo, na utulivu wa kweli uko karibu zaidi, ndani ya mita 10 za mwanzo. Kama bustani ni ndefu kuliko hapo, weka mistari miwili. Usiongeze kimo cha mmoja ukadhani umemaliza.

Nyuma ya wavu, kwa upande wa ndani, panda miti na vichaka vinavyostahimili chumvi. Mkungu na mkadi vinajulikana kwa uvumilivu huo. Mvinje pia hustahimili sana, lakini katika baadhi ya visiwa umegeuka mti vamizi unaosongamana ufukweni, kwa hiyo uliza kwanza kwa maofisa wa misitu au kilimo. Wavu utabaki hadi miti iuzidi kimo.

Usipande miti yote siku moja. Bustani ya Tresco, katika visiwa vya Scilly kusini magharibi mwa Uingereza, imeweza kukuza mimea ya nchi za joto kwa sababu ya mikanda ya miti inayoizunguka. Dhoruba ya Januari 1990 iliangusha sehemu kubwa ya miti hiyo, na mimea ya ndani ikabaki wazi mbele ya upepo hadi mikanda ilipopandwa upya. Miti ya rika moja huzeeka na kuanguka pamoja. Kila mwaka ongeza michache.

Utajua kinga inafanya kazi utepe wako utakapokuwa unacheza taratibu nyuma ya mstari, wakati mbele yake umenyooka kama fimbo.

## Hatua ya 3: Pima na linda maji matamu

Hapa ndipo bustani nyingi za kisiwani hufia, na wenyewe hudhani ni ugonjwa.

Maji matamu chini ya kisiwa cha mchanga au matumbawe huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni ya makadirio inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake: ukipampu kwa pupa na kushusha maji ya kisimani kidogo tu, chumvi hupanda kutoka chini kwa kipimo kikubwa zaidi. Wiki ya kujiandaa kwa wageni, watu humwagilia asubuhi na jioni ili kila kitu king'ae, na kumbe wanaivuta bahari iingie kisimani.

Fanya hivi:

1. Pima maji asubuhi kabla ya kupampu. Andika.
2. Pampu kama kawaida yako, kisha pima tena. Andika.
3. Linganisha. Kipimo kikipanda waziwazi, pampu kidogo kidogo kwa vipindi, na acha kisima kipumzike katikati.

Kuhusu viwango, mwongozo wa umwagiliaji wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unaeleza kwamba maji yaliyo chini ya mikrosimensi 700 kwa sentimita hayana tatizo la chumvi kwa mimea. Kati ya 700 na 3000 uangalifu unahitajika, na juu ya 3000 ni hatari kwa mimea mingi. Maharage huanza kudhurika mapema sana. Nyanya huvumilia zaidi kidogo. Mtende ni mvumilivu kuliko yote mawili.

Wakati huohuo kinga mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 10, linatoa lita 1000 kabla ya upotevu. Hesabu 800 utakazopata kweli. Mwaga maji ya mwanzo ya kila mvua baada ya kiangazi, maana yamebeba vumbi na chumvi ya paani.

Maji haya ya mvua yana kazi moja ambayo haifai kupewa maji mengine, nayo ni kusuuza majani. Upepo wa chumvi ukitulia, nyunyizia mimea laini siku ileile, ukianzia juu kwenda chini, kabla jua halijaikausha chumvi juu ya jani. Kusuuza kwa maji ya kisima chenye chumvi ni kuongeza tatizo.

Onyo: kisima kiwe mbali na choo, angalau mita 30. Siku za wageni choo kitatumika kuliko ulivyozoea, na udongo wa mchanga hupitisha uchafu haraka.

## Hatua ya 4: Lisha mchanga, kisha panda

Mchanga haushiki maji wala rutuba. Changanya mboji kwenye mashimo na matuta, halafu funika juu kwa matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze. Mwani uliotupwa ufukweni ni matandazo mazuri, lakini uache unyeshewe na mvua au uusuuze kabla ya kuuleta karibu na mizizi. Vivyo hivyo kwa makombe na mchanga wa pwani.

Panda kwa kufuata ramani ya hatua ya 1. Wageni hawahitaji kuona kila aina ya ua. Kwa maoni yangu, aina chache zilizoshika afya humfurahisha mgeni kuliko aina nyingi zinazopambana na upepo.

## Hatua ya 5: Jenga njia kwa ajili ya miguu ya watu wengi

Njia inayotosha familia haitoshi wageni. Watu wawili wanaopishana wanahitaji mita 1.5. Kiti cha magurudumu kinahitaji angalau sentimita 90 kupita, na mita 1.5 kugeuka. Mteremko usizidi kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mbele.

Njia iwe mzunguko: mlango wa kuingilia, na kutokea mahali pengine au angalau bila kurudi kwa njia ileile. Njia yenye mwisho uliozibwa hukutanisha wanaokwenda na wanaorudi, na mmoja lazima akanyage tuta. Palipo na ua la kupendeza au mandhari ya bahari, panua njia iwe uwanja mdogo. Watu watasimama hapo upende usipende, na bora wasimame palipoandaliwa.

Kata matawi yaliyo chini ya mita 2 juu ya njia. Ondoa miiba inayofika kiunoni. Kama njia inapita chini ya mnazi, angua nazi zote zilizokomaa na makuti makavu siku moja kabla, au uhamishe njia.

Jaribio: waite watu 12 unaowafahamu, wapite wote mara moja wakizungumza. Ukiona mguu hata mmoja nje ya njia, mahali hapo panahitaji kupanuliwa au kuwekewa kamba.

## Hatua ya 6: Weka mpaka kati ya bustani na nyumba

Hii ni nyumba ya watu. Mgeni akishaingia getini hajui mwisho wake ni wapi, na si kosa lake. Mwonyeshe. Kamba nyepesi ya kiunoni na kibao chenye maneno "Sehemu ya familia" vinatosha kwa karibu kila mtu, na vinazuia ubishi kuliko kumfuata mtu nyuma ukimwambia arudi.

Kaeni nyumbani mkubaliane mapema nini kinabaki kimefungwa, nani anaweza kupigwa picha, na watoto watakuwa wapi. Mzee asiyependa kelele ana haki ya kubaki na baraza lake. Mbwa afungwe mbali na njia, hata kama ni mpole. Nguo zianuliwe, madirisha ya vyumba vya kulala yafungwe.

Waarifu majirani tarehe na saa. Uliza pia ofisi ya serikali ya eneo lenu kama unahitaji kibali, hasa ukitoza kiingilio. Majibu hutofautiana sana kati ya mahali na mahali.

## Hatua ya 7: Panga tarehe kwa maji, kisha saa kwa hesabu

Bustani ya bara hupokea wageni wawili wawili siku nzima. Ya kisiwani hupokea boti nzima kwa mara moja, na boti ile ile itawachukua. Kwa hiyo unapanga boti kwanza.

### Tarehe

Kujaa kwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa siku 7 ni karibu saa 6. Kwenye pwani ambazo maji hujaa mara 2 kwa siku, saa 6 ni umbali wa kutoka kujaa hadi kupwa. Maana yake ukitangaza "kila Jumamosi saa 3 asubuhi", Jumamosi hii boti itaelea vizuri gatini, na Jumamosi ijayo itakuta matope.

Baada ya wiki 2 maji hurudi karibu na saa ileile. Kufungua kila baada ya wiki 2 kunalingana na bahari, na pia kunaipa bustani muda wa kupumua. Thibitisha kila tarehe kwenye jedwali la maji, kisha muulize nahodha. Siku za bamvua maji hupanda juu lakini pia hukimbia haraka na kukauka mbali; siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Nahodha anajua gati lenu linataka lipi.

### Saa

Chukua mfano wa boti ya watu 40. Bustani inabeba vikundi vya watu 10. Mzunguko unachukua dakika 35, na unaingiza kikundi kipya kila baada ya dakika 20 ili visiwemo zaidi ya viwili kwa wakati mmoja.

- Vikundi vinne vinaingia dakika ya 0, 20, 40 na 60
- Cha mwisho kinatoka dakika ya 95
- Kutembea kutoka gatini na kurudi, dakika 20 kila upande: 40
- Akiba ya usalama: 30

Jumla ni dakika 165, yaani saa 2 na dakika 45. Kama gati hutumika kuanzia saa 2 kabla ya maji kujaa hadi saa 2 baada yake, mna saa 4 na hesabu inakubali. Kama gati lina saa 2 na nusu tu, punguza watu. Usipunguze akiba.

Kuna jambo moja bado: kikundi cha nne kitasubiri saa nzima. Kivuli, mabenchi na maji ya kunywa ni lazima. Suluhisho bora zaidi ni jirani mwenye bustani kufungua siku ileile, wageni wagawanyike na kubadilishana. Huko Uingereza, National Garden Scheme imetumia nguvu hiyo ya bustani nyingi za watu binafsi kufunguliwa pamoja tangu 1927, ilipoanza kwa kukusanya fedha za wauguzi. Wenye bustani wakishirikiana, mzigo wa kila nyumba hupungua na safari ya mgeni inakuwa na thamani zaidi.

## Hatua ya 8: Linda wageni, na ulinde kisiwa

Pitia mimea yako ukitafuta yenye sumu. Oleanda, mnanaha (datura, si mnanaa wa chai) na mbarika ni za kawaida bustanini na zote ni hatari zikiliwa; mbegu za mbarika hasa huwavutia watoto kwa madoa yake. Isogeze mbali na njia au uizungushie kamba, na kibao kiseme wazi: "Sumu. Usiguse."

Upande wa pili husahaulika. Mbegu na vijidudu vya udongo husafiri kwenye soli za viatu, na kisiwa hakina pa kukimbilia mmea vamizi ukishaingia. Mwaka 1937 mti wa Miconia calvescens ulipelekwa Tahiti kama pambo la bustani kwa sababu ya majani yake makubwa mazuri. Umetanda zaidi ya theluthi mbili ya kisiwa na kuisonga mimea ya asili. Mti ulianzia bustanini kwa mtu aliyependa mimea, na ndiyo sababu jambo hili linatuhusu sisi.

Basi weka brashi na beseni mlangoni, kila mtu asugue soli akiingia na akitoka. Usipokee miche ya zawadi kutoka nje ya kisiwa bila kibali cha wahusika wa afya ya mimea. Usimpe mgeni vipande vya mmea unaojua husambaa wenyewe.

## Hatua ya 9: Wiki ya mwisho

Siku 7 kabla: pima kisima, kagua njia, pogoa kidogo tu. Upogoaji mkubwa sasa hivi huchipua majani laini ambayo chumvi itayaunguza kwanza.

Siku 2 kabla: soma utabiri wa upepo. Ukisema upepo mkali wa baharini, andaa maji ya mvua ya kusuuzia. Ukisema bahari itachafuka, ahirisha mapema, kabla watu hawajaanza safari. Mwenye neno la mwisho ni nahodha, na usimshawishi.

Siku 1 kabla: mfanye mtu asiyeifahamu bustani apite peke yake kwa kufuata vibao tu. Akiuliza njia mara moja, ongeza kibao.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe na kesho yake

Mpe kila mtu kazi moja: wa gatini, wa mlangoni, wa kuongoza, wa kivulini. Wahesabu wageni wanaposhuka na uwahesabu tena wanapopanda. Kila kikundi kikiingia, kiambiwe mambo matatu tu: njia, sehemu ya familia, na saa ya boti. Ukiongeza la nne hawatakumbuka hata moja.

Onyo la boti litolewe dakika 30 kabla, kwa sauti, na mtu apite bustani nzima hadi choo. Mpenzi wa mimea aliyeinama kwenye ua hasikii chochote.

Kesho yake tembea na daftari. Penye udongo ulioshindiliwa kando ya njia, utifue kidogo kwa uma wa bustani na urudishe matandazo. Penye nyayo nje ya kamba, andika. Hapo ndipo njia inapotaka kupanuliwa. Kagua wiki chache mfululizo kama kuna mche usioufahamu umeota kandokando ya mlango na njia, uung'oe ukiwa mdogo.

Pima kisima tena asubuhi hiyo na uendelee kupima kila siku. Kipimo kikirudi kwenye namba uliyoandika kabla ya wageni, fungua jedwali la maji utafute tarehe inayofuata. Kisiporudi ndani ya wiki 2, ruka zamu moja na uiarifu boti mapema.